Aliyetangulia Njiani: Kazi ya Hifadhi na Vijana Wake katika Nchi ya Nachingwea na Ruangwa

Kiswahili kilimpa mlinzi wa wanyama wa mwituni jina la Bwana Nyama miaka mingi kabla ya serikali kumpa jina la Mhifadhi. Ndani ya jina hilo mna mzaha na mna ukweli. Katika Kiswahili cha wahenga nyama ni mnyama mwenyewe, na ni kitoweo chake vilevile. Kwa hivyo Bwana Nyama alipotokea njiani na bunduki begani, mwanakijiji hakuwa na hakika kama amekuja kumfukuza tembo shambani au amekuja kufunua chungu jikoni. Wala hakuwa peke yake. Walikuwapo Bwana Miti, Bwana Shamba na Bwana Nyuki, ukoo mzima wa mabwana waliozaliwa katika ofisi za kikoloni na kupewa majina na watu waliowapokea vijijini.

Jina hilo halisemi mtu huwaje Bwana Nyama. Siku hizi jibu la haraka ni cheti: kijana hupita Mweka, au Pasiansi, au Chuo Kikuu cha Sokoine, kisha hutafuta ajira. Lakini katika nchi ya ndani ya Lindi, yaani Nachingwea, Ruangwa na jirani yao Liwale, historia inatoa jibu jengine. Huko kazi hii imerithishwa njiani, mmoja akitangulia na mwengine akifuata nyayo zake. Tena si kila aliyefuata alitiwa katika hesabu, na si kila aliyetangulia alitajwa jina.

Msomaji wa visiwani asidhani kuwa nchi hiyo i mbali naye. Katika karne ya 19 pembe za ndovu kutoka bara hilo ziliteremshwa Kilwa Kivinje na Lindi, zikapakiwa majahazini na kupimwa katika mizani za Unguja. Sandarusi ya misitu ya pwani ilifuata njia hiyo hiyo, na baadaye mpira wa mwituni. Nyuma ya kila pembe alikuwapo mwindaji, na nyuma ya mwindaji alikuwapo kijana mchukuzi. Mwindaji wa ndovu kusini aliitwa fundi, jina lile lile la mwashi na seremala. Fundi na mwanafunzi ni watoto wa kitenzi kimoja, na lugha haikukosea: kijana alibeba baruti na maji, akatazama namna nyasi zilivyolala, akajifunza kupima umri wa kinyesi kwa kidole na mwelekeo wa upepo kwa majivu. Hapakuwa na darasa, na mtihani wake ulikuwa mmoja tu, kurudi nyumbani mzima.

Wajerumani ndio walioanza kuiandika kazi hii kwa kalamu. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji ya koloni zima. Leseni zikawekwa na maeneo ya kwanza ya akiba yakatengwa, moja wapo upande wa Rufiji. Kwa kiharusi hicho cha kalamu fundi aligeuka jangili, isipokuwa yule aliyeweza kulipia karatasi. Miaka tisa baadaye, Agosti 1905, boma la Liwale lilianguka mikononi mwa wapiganaji wa Maji Maji. Adhabu iliyofuata ilikuwa ya moto na njaa. Vijiji viliteketezwa, ghala zikachomwa, watu wakafa kwa maelfu, na mahali palipokuwa mashamba nyika ikarudi, na pamoja na nyika wakarudi ndovu na mbung'o. Sehemu kubwa ya kile ambacho wageni walikuja kukiita pori lisiloguswa ilikuwa makaburi na mahame. Wenyeji wakaliita pori la akiba Shamba la Bibi, na husimuliwa kuwa Kaiser alimzawadia mkewe. Waingereza walipolipa jina jengine mwaka 1922, walimkumbuka Frederick Courteney Selous, mwindaji na askari aliyeuawa kwa risasi huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Jina la Bibi, hata hivyo, halikutoka midomoni. Ni ajabu kidogo kwamba shamba la bibi lililindwa na mabwana watupu kwa karibu karne nzima.

Bwana Nyama aliyeandikwa zaidi katika nchi hiyo ni Constantine John Philip Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki, aliyezaliwa mwaka 1901. Alikuja Tanganyika akiwa ofisa wa jeshi katika miaka ya 1920, akaacha jeshi ili awinde ndovu, na mwenyewe hakuficha kuwa baadhi ya pembe hizo alizipata bila ya leseni. Mwaka 1933 Idara ya Wanyamapori ilimwajiri jangili huyo, na Liwale ikawa makao yake. Kwa zaidi ya miaka 20 alizunguka kusini kwa miguu, miezi kwa miezi, na safu ya wapagazi nyuma yake. Aliwaua simba wala watu, aliwafukuza tembo mashambani, akalipanua pori la akiba kipande baada ya kipande. Kisha akashikwa na mapenzi ya nyoka. Baada ya kustaafu alihamia Newala, akawa anawalipa wanavijiji waliomletea habari za swila na fira, na kupeleka nyoka kwenye majumba ya makumbusho ya Nairobi na London. Watu wakambadilishia jina kutoka Bwana Nyama akawa Bwana Nyoka. Alifariki mwaka 1968, na majivu yake yakazikwa katika kilima cha Nandanga, ndani ya pori alilolilea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwapo chini yake kijana mmoja wa Kizungu, Brian Nicholson, aliyeanza kazi akiwa na umri wa karibu miaka 20 katika udhibiti wa tembo. Ionides hakuwa mwalimu mpole. Alimtumbukiza kijana porini, akamwacha atembee, akamkosoa, akamwachia tena. Alipostaafu, Nicholson alikuwa tayari kushika nafasi yake, na yeye ndiye aliyeliongoza pori la Selous hadi miaka ya 1970, akaligawa katika vitalu vya uwindaji ili lijilipie gharama zake lenyewe. Kama inatafutwa mifano ya kijana aliyeshikwa mkono vilivyo mwanzoni mwa kazi ya hifadhi, huu ni miongoni mwa iliyo bora katika Afrika Mashariki. Kijana alipata mtu wa kumfuata, alipata mshahara, alipata makosa ya kufanya bila ya kufukuzwa, na mwishowe alipata madaraka.

Lakini ni nani aliyemtangulia Nicholson njiani? Si Ionides peke yake. Katika msafara wa porini Mzungu hakuwa wa mbele. Wa mbele alikuwa askari wa nyama, au skauti kama alivyoitwa kazini, mara nyingi mtu wa kusini huko huko, Mngindo au Mmwera au Myao, na si ajabu kuwa mtoto wa fundi. Yeye ndiye aliyeona tone la damu juu ya jani. Yeye ndiye aliyejua kisima kipi hukauka Agosti na kipi hudumu hadi mvua. Maarifa yaliyomfanya kijana wa Kizungu kuwa mhifadhi mkuu yalitoka kwa watu ambao idara hiyo hiyo haikuwaona kuwa wanaweza kupanda zaidi ya cheo cha skauti mkubwa. Walifundisha, wala hawakuitwa walimu. Vitabu vya kumbukumbu vya mabwana hao vimechapishwa na kusomwa Ulaya na Marekani. Kumbukumbu za maskauti zimebaki katika vinywa vya wajukuu, na vinywa hivyo navyo vinapungua.

Jambo lililoharibu zaidi lilitokea katika miaka ya 1940. Kwa hoja ya malale na ya tembo waharibifu, serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa Liwale, wengi wao Wangindo, katika makazi mapya, na ardhi waliyoiacha ikaingizwa katika pori la akiba. Ionides alikuwa mmoja wa waliolitetea jambo hilo. Si haki kusema kwamba malale yalikuwa ya kubuni. Ugonjwa ulikuwapo na uliua. Lakini hoja ya afya na haja ya pori vilikwenda sambamba kwa namna iliyowafaa sana waliotaka pori. Muda mfupi baadaye A. R. W. Crosse-Upcott, ofisa aliyesomea elimu ya jamii za watu, aliandika juu ya Wangindo makala mbili ambazo hadi leo zina faida: moja ya mwaka 1956 juu ya ufugaji wao wa nyuki, na nyengine ya mwaka 1958 juu ya namna walivyoishi wakati wa njaa. Humo wanaonekana watu wanaoujua mti kwa ua lake, na ua kwa mwezi wake, na asali kwa ladha ya ua. Watu hao walikuwa wamehamishwa kutoka katika maktaba yao. Mtoto wa Kingindo aliyezaliwa baada ya hapo, kama alitaka kuijifunza nchi ya babu yake, alilazimika kuingia humo kama skauti au kama jangili. Wengi waliingia kwa njia zote mbili, kwa nyakati mbalimbali za maisha yao.

Nachingwea yenyewe, kama mji, iliota wakati huo huo, na haikuota kwa ajili ya hifadhi. Mwaka 1947 Waingereza, wakiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, walianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matingatinga yalishushwa, bandari ya Mtwara ikachimbwa, na reli ikatandikwa hadi Nachingwea. Vijana wengi waliotoka vitani walikuja kuanza maisha mapya ya kazi katika ardhi ambayo hawakuwahi kuiona. Hakuna aliyeona haja ya kumfuata mtu njiani. Zilipotumika karibu pauni milioni 36, mpango ukavunjwa mwaka 1951, na reli haikufika katikati ya miaka ya 1960 ila imekwisha kung'olewa. Karanga zilizovunwa ni chache mno kwa gharama hiyo. Kilichobaki ni mji, majengo na uwanja wa ndege, na miaka michache baadaye wapigania uhuru wa Msumbiji walipata hapo kambi yao kuu ya mafunzo. Hapo vijana wa FRELIMO nao walifunzwa kutembea porini, ingawa kwa kazi nyengine kabisa.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Julius Nyerere alitoa Arusha tamko juu ya wanyamapori ambalo bado linatajwa kila penye mkutano wa hifadhi. Watu hukumbuka sehemu yake ya urithi na fahari. Iliyo muhimu kwa habari hii ni ile sehemu kavu: kwamba kazi hiyo inadai elimu maalumu, watu waliofunzwa na fedha, na kwamba Tanganyika ingehitaji kusaidiwa kuvipata. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori wa Afrika huko Mweka, juu kidogo ya mji wa Moshi, kwa juhudi za Bruce Kinloch aliyekuwa mkuu wa Idara ya Wanyamapori, na mkuu wa kwanza wa chuo akawa Hugh Lamprey. Mwaka 1966 Pasiansi, karibu na Mwanza, ilianza kuwafunza askari wa ngazi ya chini. Katika muda wa kizazi kimoja kazi iliyokuwa ya Wazungu ikawa ya Waafrika kutoka nchi nyingi za bara hili, na Mweka inastahiki sifa hiyo bila ya kupunguziwa.

Hata hivyo mlango wa Mweka ulifunguka kwa ufunguo wa sekondari, na kusini shule za sekondari zilikuwa chache. Skauti mzee wa Liwale aliyejua kila lindi la mto hakuwa na ufunguo huo, na mara nyingi mwanawe pia hakuwa nao. Kijana aliyeupata alitoka Kilimanjaro, Kagera, Tanga, au nje ya nchi. Kufika kwake Nachingwea akiwa Bwana Nyama mpya halikuwa kosa lake. Naye alikuwa na elimu ambayo skauti hakuwa nayo, ya kuhesabu wanyama kwa ndege, kusoma sheria, kutengeneza bajeti. Watu wawili hao walihitajiana kupita kiasi. Walipopatana, pori lilinufaika. Walipodharauliana, mmoja kwa cheti na mwengine kwa mvi, pori lilibaki na nusu mbili zisizoungana.

Mahali pamoja palipojaribu kuziunganisha ni Kingupira, mashariki mwa Selous, kilipokuwa kituo cha utafiti wa miombo. Alan Rodgers, Mwingereza aliyefika nchini akiwa kijana katika miaka ya 1960, alifanya kazi hapo kwa miaka, kisha akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1980 yeye na J. D. Lobo walichapisha hesabu ya udhibiti wa tembo na biashara halali ya pembe tangu mwaka 1920 hadi 1976, kazi ya subira iliyotokana na madaftari ya mabwana nyama wa zamani. Rodgers alifariki mwaka 2009. Pamoja na mwenzake wa chuo hicho, Kim Howell, alilea kundi la wanafunzi wa Kitanzania ambao baadaye walijaa katika idara, vyuo na mashirika. Namna yao ilikuwa ya kizamani: mwanafunzi alichukuliwa porini, akalala hemani, akashika mwenyewe mjusi na jani.

Yaliyotokea kwa tembo wakati huo yanajulikana, nayo hayahitaji maneno mengi. Hesabu ya mwaka 1976 ilikuta takriban tembo 110,000 katika Selous na majirani zake. Kufika mwaka 1989 walikuwa chini ya 30,000. Jeshi, polisi na idara ziliingia porini pamoja katika Operesheni Uhai. Tangu mwaka 1988 Tanzania na Ujerumani zilikuwa zimeanza mpango wa pamoja wa kulihuisha pori, na humo likazaliwa wazo ambalo kwa Nachingwea lina uzito kuliko hesabu zote za pembe: kwamba mlinzi atoke kijijini, achaguliwe na kijiji, na amtumikie mwanakijiji. Mwaka 1995 kikaanzishwa kituo cha mafunzo huko Likuyu Sekamaganga, katika nchi ya Namtumbo, kwa ajili ya askari wa wanyamapori wa vijiji. Kwa mara ya kwanza kijana wa kusini mwenye elimu ya msingi tu alipata chuo kilichomngojea. Jumuiya za hifadhi zikafuata, Magingo kwa upande wa Liwale na Ndonda kwa upande wa Nachingwea.

Aliyeliongoza pori la Selous kwa miaka mingi ya ufanisi ni Benson Kibonde, hadi mwaka 2008. Baada ya yeye kuondoka ujangili ulirudi kwa kishindo. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta tembo karibu 13,000 tu. Kibonde alikuwa ameitwa tena mwaka 2012. Kuitwa huko ni heshima kwake, lakini kunafichua udhaifu wa mfumo. Pori la kilomita za mraba zipatazo 50,000 lilipoingia katika shida, ilibidi arudishwe mzee, kwa kuwa nyuma yake hakukuwa kumeandaliwa mtu. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Simba nao wana sura yao katika habari hii, na ni sura ya vijana. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir juu ya mashambulizi ya simba kwa binadamu Tanzania. Tangu mwaka 1990 simba walikuwa wamewaua watu zaidi ya 563 na kuwajeruhi zaidi ya 308, na nchi ya Lindi na jirani zake ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Packer alikuwa profesa maarufu wa Serengeti. Wenzake watatu walikuwa ndio kwanza wanaanza. Jibu walilolipata halikutoka Serengeti. Lilitoka kwa wakulima waliolala madunguni kulinda mazao yao dhidi ya nguruwe mwitu. Nguruwe hufuata mahindi, simba hufuata nguruwe, na chini ya makuti ya dungu amelala mtu. Kila bibi wa Lindi aliyewahi kulinda shamba alilijua hilo. Watafiti walilipima, wakalichora katika ramani, wakalitia katika lugha ambayo wizara inaielewa. Ikanda na Kissui wakaendelea na utafiti wa wanyamapori nchini mwao, na huo ndio ukamilifu wa msaada kwa kijana: jina lake lilikuwa juu ya makala tangu mwanzo.

Si vijana wote walioletwa kusini kwa ajili ya elimu waliletwa kwa mizani hiyo. Kuanzia mwaka 1989 shirika la Uingereza liitwalo Frontier, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilichunguza misitu ya pwani, pamoja na ile ya Rondo mkoani Lindi, nyumbani kwa komba mdogo mwenye jina la uwanda huo. Kazi yao ya kuorodhesha viumbe ilikuwa ya thamani kubwa. Ila watumishi wake wengi walikuwa vijana wa Kiingereza waliolipa fedha zao ili wapate uzoefu. Nao uzoefu huo uliwafungulia milango kwao. Kijana wa Ruangwa hakuwa na fedha za kulipia msitu uliokuwa karibu na nyumba ya mama yake.

Msitu ndio mlango uliofunguka kwake baadaye. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi na kubaki na mapato yake. Kabla ya sheria hiyo, tangu miaka ya mwanzo ya 1990, vijiji 13 vya Liwale vilikwisha kuanza safari ya kuumiliki msitu wa Angai kwa msaada wa mradi wa Finland. Makaratasi yalichukua zaidi ya miaka kumi. Vijana waliohudhuria mkutano wa kwanza walikuwa na watoto shuleni siku hati zilipotolewa. Kilwa walitangulia kwa njia nyengine: mwaka 2009 mpingo wa vijiji vyao ukapata hati ya kimataifa ya mavuno bora, na huenda klarineti fulani inayolia katika ukumbi wa taarabu imetoka katika mti wa namna hiyo. Kisha Finland ikarudi na programu ya FORVAC, kuanzia mwaka 2018 hadi 2024, na safari hii Ruangwa, Nachingwea na Liwale zilikuwa ndani yake kwa majina.

Programu za namna hiyo huzaa mabwana miti wapya: wahitimu wa Sokoine na Olmotonyi wanaoajiriwa kwa mkataba, wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji wanaofunzwa kupima kipenyo cha mninga na kusoma dira. Humo mna elimu ya kweli. Mna kasoro pia. Mradi una tarehe ya mwisho, na msitu hauna. Kijana aliyetumia miaka minne kujifunza nchi, akazoeana na wazee, akajua ni nani katika kamati anayesema kweli, mkataba wake ukikatika hurudi mjini kujaza fomu za ajira, au hujitolea katika ofisi ya wilaya bila ya posho, akingoja nafasi ambazo waombaji wake ni wengi kuliko viti. Serikali imeipa kazi hiyo sura ya kijeshi, na mwajiriwa mpya wa hifadhi huanza kwa gwaride na cheo. Gwaride lina faida yake mbele ya jangili mwenye bunduki. Halimfundishi mtu kumngojea mzee amalize kikohozi ndipo aendelee na habari.

Visiwani mfano upo karibu. Kisiwa cha Chumbe kilipotengwa kuwa hifadhi ya matumbawe katika miaka ya 1990, walinzi wake wa kwanza walichukuliwa miongoni mwa wavuvi wa maji hayo hayo, wakafunzwa juu ya yale waliyokwisha kuyajua. Walibaki kwa sababu kazi ilibaki. Na ng'ambo ya Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kuwa Wayao wakiita kwa sauti maalumu, mlembe, yule ndege anayeongoza watu kwenye asali, huitika mara nyingi zaidi kuliko akiitwa kwa sauti nyengine. Wavunaji wa asali walipoulizwa wameipata wapi sauti hiyo, walisema kwa baba zao.

Katika miaka ya karibuni tembo wamezidi kuonekana katika mashamba ya Nachingwea na Ruangwa, penye mihogo na mikorosho, baadhi ya nyakati katika njia ambazo vijana wa leo hawakuwahi kusikia kuwa ni za tembo. Wazee walizijua. Kikundi kinachokwenda kuwafukuza usiku huchukua tochi, madebe, na askari mmoja wa wanyamapori kama yupo karibu. Anayetangulia ni yule anayejua tembo atatokea wapi. Mchana vijana wale wale huingia katika msitu wa kijiji na futi ya kamba na daftari. Mhitimu hushika kalamu. Mzee hugusa gome, hulikwangua kidogo kwa ukucha, hunusa, kisha hutaja jina kwa Kimwera. Jina hilo huandikwa kwanza, kama linavyotamkwa. La Kiswahili hufuata, mpingo, mninga, mkongo, mtondoro. La Kilatini huachwa wazi hadi jioni, watakaporudi penye kitabu.